Wataelezwa Baadaye

Wifi yangu alipoolewa kwetu tulimwona ana maringo. Nasema tu, maana hata yeye anajua. Kaka yangu ni fundi seremala mwenye maneno mengi kuliko mbao zake, halafu anatuletea bibi harusi asiyeongea! Ukimuuliza anajibu. Usipomuuliza, kimya. Mama akasema, "Mpeni muda, bado mgeni huyo." Mimi nikasema, mgeni gani anayetazama mikono ya watu badala ya nyuso zao? Nilidhani anahesabu pete zetu.

Siku moja tuko uani tunamenya vitunguu, wote wawili machozi yanatutoka, ndipo akanieleza. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi. Yeye alijua kuongea kwa mikono kabla hajajua kuongea kwa mdomo. Mdomo alikuja kufundishwa na majirani. Sisi wengine tukisema lugha ya mama tunasema tu kwa mazoea. Kwake lugha ya mama ilikuwa hiyo hasa, na mama alipofariki hakubaki mtu wa kuongea naye.

"Unajua kilichokuwa kinamuumiza mama?" akaniambia. "Ndugu wakikaa pamoja wakacheka, yeye ananivuta mkono: wamesema nini? Nikitaka kumweleza, shangazi ananizuia. Mwache, utamweleza baadaye. Basi anakaa pale anatabasamu na wenzake, hajui anatabasamia nini. Na hiyo baadaye, wifi, ilikuwa haifiki. Mama amekufa anazidai baadaye zake zote."

Nikafuta machozi. Nikamwambia ni kitunguu.

Tangu siku hiyo nikamwelewa, na ndipo na utani wetu wa mawifi ukaanza sawasawa. Alikuwa mwalimu wa kitengo cha watoto viziwi katika shule hii hii nilipo na kibanda changu cha biskuti na peni. Kibanda nilikipata kwa jasho langu, asije mtu akasema nimebebwa. Kiko pembeni ya uwanja, karibu na mabomba ya maji, na ukikaa ndani yake unaona kila kitu: ofisi, ghorofa ya madarasa makubwa, na kule mwisho mlango wa kijani wa kitengo.

Mwenye kutaka kumjua wifi yangu angeingia mlango ule. Madawati yalipangwa kwa duara, kila mtoto amwone mwenzake, maana mtoto kiziwi ukimpa mgongo umemfungia mlango. Akitaka wamtazame anawasha na kuzima taa. Na pale sasa, yule mtu ambaye nyumbani neno lake lazima uliombee kibali, alikuwa domo kaya! Anasimulia, anabishana, anaiga mwendo wa mbuzi na mwendo wa wakaguzi, watoto wanacheka mpaka wanashika matumbo. Nilikuwa nikiwapelekea peni nachelewa kurudi dukani kwa makusudi.

Watoto wale humpa kila mtu jina la mkono. Wifi yangu ana mwanya, basi jina lake ni kidole kugusa meno ya mbele. Mimi jina langu ni mkono kiunoni. Nikauliza kwa nini, wakacheka, wakanionyesha jinsi ninavyosimama nikidai chenji yangu. Msaidizi wa darasa, dada mmoja ambaye naye ni kiziwi, aliitwa kwa kuzungusha vidole kwenye kifundo cha mkono, kwa ajili ya bangili yake. Basi na sisi tukamwita Bangili. Mkuu wa shule jina lake lilikuwa kupapasa tai. Yeye akiwaona watoto wanapapasa vifua vyao akipita, alidhani wanaisifia.

Huyo Mkuu ndiye aliyeanza. Nyumba yake iko nyuma ya shule, ukuta kwa ukuta. Akaanza kumwita Bangili saa za kazi, kamsaidie mama watoto kidogo. Kidogo ikawa kufua. Kufua kukawa kupiga pasi, kupiga pasi kukawa kupiga deki, na watoto wadogo kule kitengoni hawana wa kuwashika mkono kwenda msalani. Na kanuni ya shule inakataza wazi: mfanyakazi hatumwi kazi za nyumbani kwa kiongozi. Mkuu mwenyewe ndiye aliyewasomea walimu kanuni hiyo kikaoni. Bangili alipokataa mara moja, akamwonyesha geti kwa kidole. Hiyo alama haihitaji kufundishwa.

Wifi akaenda kwa Mkuu kwanza, kwa heshima zote. Akajibiwa kwa kicheko. "Mwalimu, yule dada anafurahia kule kwangu. Mbona halalamiki?"

"Analalamika, Mkuu. Ni wewe humwelewi."

Alirudi nyumbani siku hiyo na jambo lake moyoni: ampeleke Bangili ofisi ya elimu, yeye awe mdomo wake. Kaka yangu akaweka kijiko chini. "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe. Wewe hujafuliwa wala hujafulishwa."

"Mficha uchi hazai," nikasema mimi. Nani aliniuliza? Hakuna. Lakini ndivyo nilivyo.

Wifi akasema, "Mama yangu hakuwahi kusemewa na mtu." Basi. Kaka akaokota kijiko chake.

Wakaenda. Bangili alieleza kwa mikono, wifi akaeleza kwa sauti, na mambo yote yakamwagwa mezani. Maofisa walikuja shuleni, wakanywa chai, wakamwita Mkuu pembeni. Bangili alihamishiwa shule nyingine inakotambuliwa kazi yake, na mpaka leo yuko huko, ananawiri. Hilo tulimshukuru Mungu. Na Mkuu alisimama mbele ya walimu wote akampongeza wifi yangu kwa ujasiri, akampa na mkono.

Mimi niliposikia amempa mkono, nikajua imekwisha.

Wiki iliyofuata wifi akapandishwa cheo. Ndiyo! Mratibu wa Taaluma. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakampa chumba ghorofani, kile kilichokuwa cha viti vilivyovunjika na ramani zilizochanika. Meza moja, kiti kimoja, kazi hakuna. Aliratibu vumbi. Kitengo akapewa mwalimu mwingine, mwanamume kijana ambaye lugha ya alama aliijua kwa kutazama picha za ukutani, na kabla wiki haijaisha watoto walishampa jina: kutazama saa.

Na Mkuu akamwekea sharti, kwa sauti ya upole kabisa, kama anayemwombea dua. "Kwa sasa usiwasiliane na watoto wa kitengo. Tusiwachanganye. Wewe tulia, mwalimu. Ukitulia, muhula ujao nitakurudisha darasani kwako."

Hilo ndilo lililomfunga. Angetishiwa kufukuzwa, angecheka. Lakini aliahidiwa kurudishwa.

Walimu wenzake nao wakamwepuka. Akiingia chumba cha chai, kila mtu anakumbuka ana vitabu vya kusahihisha. Halafu mmoja mmoja wananijia kibandani, sauti chini, "Msalimie sana wifi yako." Weee! "Msalimie mwenyewe," nilikuwa nawajibu, "yuko hapo juu, na masikio anayo." Wanachukua chenji yao wanaondoka wameinama.

Dirisha la chumba chake lilitazama uwanjani, juu ya mabomba kabisa. Sijui kama Mkuu alilifikiria hilo au lilitokea tu. Siku za kwanza watoto walipokuja kunywa maji wakamwona. Furaha gani ile! Mikono yote juu. Kidole kwenye meno, kidole kwenye meno, halafu maswali: uko wapi, kwa nini huko juu, unarudi lini? Mtu anayesikia angehitaji kupiga kelele, na kelele zingesikika ofisini. Wao hawakuhitaji. Uwanja mzima ulikuwa kati yao na walikuwa wanaongea naye kama amekaa nao dawati moja. Lilibaki jibu lake tu.

Nami nikamwona kwa macho yangu akiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia.

Kulikuwa na binti mmoja mwenye kishungi cha nywele utosini, na jina lake ndilo hilo, Kishungi. Huyo alidhani haonekani. Akapanda juu ya ukingo wa bomba, akaloa viatu, akauliza tena kwa mikono mikubwa: umeniona? Wifi akainuka akaondoka dirishani.

Jioni tuko jikoni naye anaosha vyombo. Nikatazama ndani ya beseni. Mikono yake ilikuwa inaongea chini ya povu. Vidole vinainuka, vinakunjwa, vinagusana, sahani zimeachwa zinaelea.

"Kwa nini usiwajibu hata neno moja?" nikamwambia. "Moja tu, wifi."

"Nikiwajibu sitarudi kwao."

"Basi mimi niwaambie. Alama zangu za dukani zinanitosha."

"Usithubutu! Atajua imetoka kwangu." Akageuka, maji yanamchuruzika viwikoni. "Unafikiri sitaki? Nina hamu nao mpaka mikono inaniuma. Nikilala naota tunaongea, nikiamka niko na nyinyi."

Nyinyi ndio sisi. Sikuchukia. Nilimwelewa.

Akajikaza kisabuni. Wiki zikaenda. Watoto waliendelea kumpungia, kisha wachache wao, kisha Kishungi peke yake. Kisha wakawa wanakunywa maji wamelipa dirisha mgongo. Na wale, nimeshasema, wakikupa mgongo wamefunga mlango. Siku moja Kishungi alikuja kibandani, akagusa meno yake, kisha akajipangusa bega kama anayetoa vumbi. Nikamuuliza kwa kichwa, nini? Akarudia taratibu, maana kwake mimi ndiye mgumu wa kuelewa: Mwanya ametupangusa. Sisi vumbi.

Nilimwambia wifi. Watu wamenilaumu kwa hilo, kaka yangu wa kwanza, lakini mimi siwezi kubeba kitu kama kile halafu nikaulizwa habari za leo nikasema nzuri. Wifi hakula. Alikaa na sahani yake mpaka chakula kikapoa. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau. "Nimewafanyia kama walivyomfanyia mama. Nimewapa baadaye."

Muhula ulipokaribia kwisha, akaenda kwa Mkuu kudai ahadi yake. Alivaa gauni la bluu, lile ambalo watoto walikuwa wakilipenda, na mimi nikamsuka nywele. Tulikuwa na matumaini kama wajinga. Aliporudi alipita kibandani, akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Amesema watoto wametulia," akaniambia. "Amesema hawaniulizi tena. Halafu akasema, na wewe mwenyewe, mwalimu, muhula mzima umekaa pale dirishani hukuwahi hata kuwapungia. Mwenye uchungu na watoto hakai hivyo."

Ebo! Nilitaka kutoka na ufagio. Yeye mwenyewe kamkataza, kisha ukimya aliomlazimisha ndio unamtolea ushahidi! Wifi akanishika mkono. Hajamaliza. Anahamishwa. Shule ya mbali, mabasi mawili, na hakuna hata mtoto mmoja kiziwi. Mkuu atatangaza kesho mstarini.

Asubuhi ile nilifungua kibanda lakini sikuuza. Wanafunzi walijipanga uwanjani darasa kwa darasa, na watoto wa kitengo wakawekwa mwisho kabisa kando ya uzio, kama kawaida yao, wanatazama viatu vyao na ndege. Wafanye nini? Mstarini kwao ni kusimama juani tu. Kijana wa kutazama saa alisimama nao anatazama saa.

Mkuu akapanda ngazi ya ofisi, tai imenyooka. Akasema shule inapata pigo. Akasema mwalimu wetu mpendwa ameomba mwenyewe kuhama, kwa sababu za kifamilia.

Familia gani? Familia ndiyo mimi!

Mwalimu mmoja, Mungu ambariki, akauliza kwa sauti ndogo, "Na watoto wa kitengo, Mkuu? Mwalimu wao huyu."

Mkuu hakugeuza hata shingo. "Wa kitengo wataelezwa baadaye."

Wifi yangu alikuwa mwisho wa safu ya walimu, mikono nyuma. Nilimwona akiitoa. Alitembea mbele ya safu nzima, akapanda ngazi, akasimama kando ya Mkuu, akainua mikono juu ya kichwa akaipunga, kama ambavyo angezima na kuwasha taa. Kule kando ya uzio, kichwa kimoja kikainuka. Kishungi. Akampiga kiwiko mwenzake.

Mkuu alishtuka kidogo, kisha akatabasamu. "Vizuri sana! Mwalimu mwenyewe atawatafsiria." Akaendelea kuhutubia. Naye wifi akatafsiri. Mengine niliyaelewa mwenyewe, mengine alinieleza nyumbani.

Mkuu alisema, mwalimu ameomba kuondoka. Mikono ikasema: Anasema nimeomba kuondoka. Sikuomba.

Mkuu alisema, anaondoka kwa furaha. Mikono: Anasema nina furaha. Nitazameni usoni.

Mkuu akaingia kwenye habari za nidhamu na ushirikiano, na huko alikaa sana, maana anapenda. Wifi hakupoteza hata sekunde ya hotuba ile. Aliwaambia: Bangili alionewa, nikamsemea. Kwa hiyo nikatolewa kwenu. Nilikatazwa kuongea na nyinyi, nikaahidiwa nikinyamaza nitarudi. Nilikalia mikono yangu. Niliwaona kila siku. Wewe uliyepanda juu ya bomba ukaloa viatu, nilikuona. Nilikosea kuwaacha bila kuwaambia. Hamkuwa vumbi. Nawaambia sasa, pamoja na watu wote, siyo baadaye.

Uwanja mzima umejaa watu wenye masikio na hakuna aliyesikia kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mimi siku ile niliusikia mshindo wenyewe.

"Tumtakie kila la heri!" Mkuu akamaliza, akapiga makofi, shule yote ikapiga makofi. Watoto wa kitengo hawakupiga. Kishungi aliinua kidole akagusa meno yake, akakiacha hapo. Kisha mwenzake. Kisha mstari wote, wakubwa kwa wadogo, kidole kwenye meno, wanamtazama, machozi yanawatiririka na vidole haviondoki.

Mkuu akawatazama, akamgeukia wifi. "Asante, mwalimu. Umetafsiri vizuri sana." Akapapasa tai yake.

Alijitaja jina mwenyewe! Mstari mzima wa kitengo ukaangua kicheko kwenye machozi yale yale, na wifi yangu pale ngazini akacheka nao, mwanya wote nje, kicheko cha darasani ambacho nyumbani hatujawahi kukipata. Mimi huku kibandani nalia kama nimefiwa. Mteja akaniuliza kuna nini. Nikamwambia leo sina vitunguu vya kusingizia, niache nilie.

Akahama. Anaondoka alfajiri na basi la kwanza, anarudi jioni. Watoto wake wa sasa ni wazuri, hana neno nao, wanasikia kila kitu na hawasikilizi. Mikono yake bado inaongea chini ya povu, na nikimaliza kufunga duka swali lake la kwanza si habari za kaka yangu. Ni watoto wamesema nini leo. Namweleza yote, kwa mikono yangu ya dukani, huku ananisahihisha vidole. Mkuu yuko vilevile. Tai amenunua nyingine.

Juzi Kishungi alikuja kuchukua biskuti. Amekua, kishungi kimekuwa misuko. Akagusa meno, akauliza: lini?

Nami alama ya baadaye ndiyo ya kwanza niliyojifunza, mwenye duka anaihitaji kutwa. Mkono ulishainuka wenyewe. Nikaushusha. Nikamwambia, sijui. Pengine harudi. Na mimi nina hamu arudi kama wewe.

Alinitazama mikono mpaka nikamaliza. Akaitikia kwa kichwa, akachukua biskuti yake, akaenda darasani.